Waliwaambia, Hawakuwaamini: Wanawake wa Asubuhi ya Pasaka



Somo hili nililitoa kwa mara ya kwanza Jumapili moja baada ya Misa, hapa Chapwa. Tulikuwa tumekaa kwenye mabenchi nje ya kanisa, malori yakinguruma barabarani kuelekea mpakani, kiasi kwamba kila baada ya dakika mbili ilibidi ninyamaze ili lipite moja. Mada niliyopewa ilikuwa "Nafasi ya mwanamke katika Injili". Nilijiandaa kama wengi tunavyojiandaa, yaani niliorodhesha majina: Bikira Maria, Elisabeti, Martha na Maria, mwanamke Msamaria, Magdalena. Nilipanga kusema kwamba Yesu aliwaheshimu wanawake, tupige makofi, tutoe matangazo, twende nyumbani.

Kabla sijafika nusu, binti mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono. "Kaka, kama ndivyo, mbona mitume hawakuwaamini?"

Nikamwuliza ana maana gani. Akafungua Lk 24:11 akasoma mbele ya wote. Sikuwa na jibu la maana. Nikamwambia tutarudi kwenye hilo, unajua jinsi walimu tunavyosema tukibanwa. Nilirudi nyumbani nikaushika mstari ule kwa wiki mbili. Leo nawaletea nilichokipata, pamoja na jambo moja langu mwenyewe ambalo sikulisema siku ile kwa sababu ya aibu.

Tuanze nyuma kidogo, maana wanawake wale hawakuibuka kaburini ghafla. Soma Lk 8:1-3. Yesu anazunguka miji na vijiji vya Galilaya, wale Kumi na Wawili wakiwa pamoja naye, na pia wanawake: Maria Magdalena, Yoana mke wa Kuza, Susana, na wengine wengi. Luka anasema waliwahudumia kwa mali zao wenyewe. Hapo simama kidogo. Kuza alikuwa msimamizi katika nyumba ya Herode, huyu huyu Herode aliyemkata kichwa Yohane Mbatizaji. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba mshahara uliotoka kwenye nyumba ya Herode ndio ulionunua mkate wa Yesu na wanafunzi wake! Mimi jambo hili hunichekesha kila ninapolisoma. Ila la msingi ni kwamba utume wa Yesu ulikuwa na gharama, na Injili imewataja kwa majina waliozibeba.

Hatujakwenda mbali na kwetu. Hapa Tunduma unajua nani anaamka saa kumi usiku kuvusha mzigo wa mchele au vitenge kati yetu na Nakonde. Unajua pia nani anakuwepo Jumamosi jumuiya inaposali. Kwenye jumuiya yetu, tukikaa kumi na tano, wanaume tunahesabika kwa vidole vya mkono mmoja na vinabaki. WAWATA walianza mwaka 1972, na mwaka 2022 walitimiza miaka 50. Ukitaka kujua parokia nyingi zimejengwa na nani, usiishie kusoma jiwe la msingi, ulizia daftari la michango.

Lakini ukiishia kwenye michango umeisoma Injili nusu. Wengi tumejifunza kwamba wale wanawake walikuwa wapishi wa msafara, mitume wakifundishwa na wao wakikoroga sufuria. Sasa nenda Lk 24:6-8. Malaika wanawaambia wanawake pale kaburini wakumbuke jinsi Yesu alivyosema nao alipokuwa Galilaya, kwamba atasulubiwa na siku ya tatu atafufuka. Nao wakayakumbuka maneno yake. Hebu fikiri: huwezi kumkumbusha mtu jambo ambalo hakulisikia. Kumbe walikuwepo darasani! Yale mafundisho magumu kuhusu msalaba, ambayo Petro yalimshinda hata akakemewa, wao pia walikuwa wameyapokea. Ndiyo maana hata Yesu mwenyewe alimtetea Maria wa Betania alipokaa miguuni pake kusikiliza (Lk 10:38-42), kwani kukaa miguuni pa mwalimu ndiko kulikokuwa kuwa mwanafunzi.

Na walikuwa hodari wa kukaa. Marko anasema Yesu alipokamatwa wanafunzi wote walikimbia (Mk 14:50). Msalabani, anaowataja wakitazama kwa mbali ni Maria Magdalena, Maria mama wa Yakobo mdogo na Yose, na Salome (Mk 15:40-41). Waliona alipokufa. Wakaona alipozikwa. Jumapili alfajiri wakarudi na manukato. Mashahidi wa mambo yote matatu, kifo, kaburi, na kaburi tupu, ni watu wale wale.

Sasa twende kwenye ule mstari wa binti wa kidato cha tatu.

Wanawake wanatoka kaburini. Luka anawataja: Magdalena, Yoana (yule yule wa pesa za nyumba ya Herode, amefika mpaka hapa), Maria mama wa Yakobo, na wenzao. Wanawapa mitume habari yote. Na mitume wanayaona maneno yao ni upuuzi, hawawaamini. Neno la Kigiriki alilotumia Luka ni leros, na halipatikani mahali pengine popote katika Agano Jipya. Matabibu wa zamani wa Kigiriki walilitumia kwa maneno ya mgonjwa mwenye homa kali anayeweweseka. Yaani mitume hawakusema "labda mmekosea kaburi". Walisema hawa wanaweweseka.

Ili tuwe wa haki, mitume walikuwa watu wa zama zao. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne hiyo hiyo ya kwanza, anapoeleza sheria za ushahidi anasema ushahidi wa wanawake usipokelewe, kwa sababu ya wepesi wao. Ndivyo dunia ilivyokuwa. Na hapa kuna jambo ambalo huniimarisha imani: kama wainjili wangekuwa wanatunga hadithi ya kuwashawishi watu, wasingewaweka mbele mashahidi ambao wasikilizaji wao wangewakataa. Wangemweka Petro kaburini alfajiri, au Nikodemo, mtu mzito mwenye cheo. Injili zote nne zimewaweka wanawake kwa sababu ndivyo ilivyotokea, ingawa iliwatia aibu walioongoza.

Aibu, ndiyo. Tumemsema Tomaso miaka yote. Mtu akibisha kidogo tunamwita Tomaso. Lakini Tomaso alikuwa wa kumi na moja kutoamini! Wale kumi walishatangulia asubuhi ile ile, tofauti ni kwamba yeye aliwakatalia wanaume wenzake na wao waliwakatalia wanawake. Hata wale wawili wa Emau wanamsimulia Yesu, bila kumjua, kwamba wanawake wa kundi lao wamewashtua kwa habari za kaburi, na wenzao walipokwenda walikuta ni kama wanawake walivyosema (Lk 24:22-24). Habari imethibitishwa, na bado wanatembea kwa huzuni kuondoka Yerusalemu.

Halafu soma Mk 16:14. Nakuomba usome mwenyewe, usitegemee mimi. Yesu anawatokea wale Kumi na Mmoja wakiwa wanakula, na anawakemea. Anawakemea kwa lipi? Angeweza kuwakemea kwa kumkimbia Gethsemane, au kwa Petro kumkana mara tatu. Marko anasema aliwakemea kwa kutoamini kwao na ugumu wa mioyo yao, kwa sababu hawakuwasadiki waliomwona amefufuka. Na wa kwanza kati ya hao, mistari mitano juu, ni Maria Magdalena.

Nilipofika hapo nikafunga Biblia. Sasa nieleze kwa nini.

Miaka michache iliyopita nilikuwa katibu wa vijana. Tulipanga hija ya kwenda Mbeya, vijana ishirini na saba, kila mmoja elfu kumi na tano ya nauli. Pesa tulimkabidhi kaka mmoja tuliyemwamini, akasema anamjua mwenye kosta na ameshalipia. Wiki moja kabla ya safari, kwenye kikao, dada mmoja wa kundi letu akasimama. Mama yake ni mama lishe pale stendi. Akasema yule dereva alikuwa anakula kwao juzi, na amesema Jumamosi hiyo gari lake linapeleka watu harusini. Akaomba mtu aende kuuliza.

Kaka yule akacheka. Wengine wakacheka. Mtu akasema, "Wanawake wa stendi bwana, hawaishiwi." Jamani, kwetu huwa tunasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lakini nimegundua methali hiyo tunaitumia habari ikiletwa na mwanaume. Habari ile ile akiileta mwanamke, tunaiita umbea.

Mimi sikucheka, ila nilifanya kibaya zaidi. Niliandika. Daftari la vikao ninalo hadi leo, na kwa mwandiko wangu mwenyewe pameandikwa: "Maneno ya stendi. Hakuna hatua." Kutoka pale tulipokaa hadi stendi ni nauli ya bodaboda tu.

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri tulikuwa barabarani, baridi ile ya mwezi wa saba ya Tunduma unaijua, tumejifunika vitenge na makoti. Tukasali rozari. Kosta haikuja. Tukasali tena. Kukapambazuka, malori yakaanza kusogea, simu ya kaka yule haipatikani. Saa tatu watu wakaanza kurudi makwao mmoja mmoja. Baadaye tulirudishiwa nusu ya pesa kwa taabu.

Kitu ambacho sikisahau ni kwamba dada yule alikuja asubuhi ile. Alijua gari halipo, na alikuja, na beseni la maandazi ya safari kichwani. Akatugawia tukiwa tumekaa pale chini. Hakusema "niliwaambia". Baada ya hapo hakurudi tena kwenye kundi, na hakuna aliyemfuata. Mimi katibu sikumfuata.

Kwa hiyo niliposoma leros, niliona daftari langu.

Kuna watu ndani ya Injili walifanya vizuri kuliko mitume na kuliko mimi, nao si wale unaowategemea. Wa kwanza ni Wasamaria wa Sikari (Yn 4). Mwanamke yule ameolewa mara tano na anayeishi naye si mume wake. Anakwenda kuteka maji saa sita mchana, na sisi tunaojua foleni za maji tunaelewa kwamba hiyo si saa ya kwenda kisimani. Wengi wanaoifafanua Injili hii wanadhani alikuwa anakwepa midomo ya wenzake. Yesu anaongea naye muda mrefu kuhusu mambo mazito ya imani, hata wanafunzi wakirudi wanashangaa kumkuta anaongea na mwanamke (Yn 4:27). Anauacha mtungi, anakimbia mjini. Sasa mji mzima unamjua. Kama kuna mtu ambaye maneno yake yangeitwa upuuzi, ni huyu. Lakini Yohane anasema Wasamaria wengi walimwamini Yesu kwa sababu ya neno la mwanamke huyo (4:39), halafu wakatoka kwenda kumwona na kumsikia wenyewe. Wote wawili, kuamini na kwenda kuhakikisha.

Maana sisemi kwamba kila anachosema mwanamke ni kweli kwa kuwa amesema mwanamke. Hata Petro, katika Lk 24:12, nampa sifa yake: hakuwa na uhakika, lakini aliinuka akakimbia kaburini kuangalia. Kuinuka tu. Kungetutosha na sisi.

Wa pili ni Zakaria, na kisa hiki wengi tunakiruka. Lk 1:59-63. Mtoto amezaliwa, ndugu na majirani wamekuja kumtahiri na wanataka kumpa jina la baba yake. Elisabeti anakataa, anasema ataitwa Yohane. Wanambishia kwamba hakuna mtu wa ukoo wake mwenye jina hilo. Na wanafanya nini? Wanamgeukia baba, wanamwonyesha ishara, wakitaka yeye ndiye aseme. Mwenye kauli yupo pale, amebeba mimba uzeeni miezi tisa, wao wanamtafuta mwanaume bubu! Mikutano mingapi ya ukoo umeikaa inakwenda hivyo? Mama anasema, halafu mtu anasema "tumsubiri mzee". Zakaria anaomba kibao anaandika kwamba jina lake ni Yohane. Hakuongeza lake wala kusahihisha. Alisimama na kauli ya mkewe, na hapo hapo ulimi wake ukafunguka. Kumbuka alifungwa ulimi kwa kutoamini.

Bikira Maria naye kule Kana alileta habari: hawana divai (Yn 2:3). Sentensi fupi tu. Unajua kilichofuata.

Nirudi kwa Magdalena, kwa sababu hata sisi Wakanisa tulimpunguzia. Waulize vijana kumi Magdalena alikuwa nani, wengi watakwambia kahaba. Tafuta katika Injili zote nne, hutaona. Luka anasema alitokwa na pepo saba, basi. Mwaka 591 Papa Mtakatifu Gregori Mkuu, katika mahubiri yake huko Roma, aliwaunganisha wanawake watatu kuwa mmoja: Magdalena, Maria wa Betania, na yule mwenye dhambi asiye na jina aliyemwosha Yesu miguu kwa machozi (Lk 7:36-50). Nia yake ilikuwa kutufundisha toba, lakini sifa ile ikamganda Magdalena kwa zaidi ya miaka elfu moja. Shahidi wa kwanza wa ufufuko akajulikana zaidi kwa dhambi ambayo haikuandikwa. Si ndivyo tunavyofanya hata mtaani? Dada akisema jambo lisilotupendeza, tunaanza kuuliza alikuwa anaishi na nani.

Kanisa lilisahihisha. Kalenda mpya ya liturujia ya mwaka 1969 iliacha kumchanganya na wengine. Papa Yohane Paulo II, katika barua yake kuhusu hadhi ya mwanamke ya mwaka 1988, alikumbusha kwamba Magdalena anaitwa mtume wa mitume. Na tarehe 3 Juni 2016, kwa agizo la Papa Fransisko, kumbukumbu yake ya 22 Julai ilipandishwa ikawa sikukuu, daraja lile lile wanaloadhimishwa nalo mitume.

Siku ile ya somo mtu aliuliza pia habari ya upadre, na najua wapo watakaoniandikia. Papa Yohane Paulo II alifundisha mwaka 1994 kwamba Kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake daraja ya upadre, na Kanisa Katoliki linashika hivyo. Mimi si wa kubadilisha. Ila nimeona baadhi yetu wanaume tunajificha nyuma ya jibu hilo. Swali la nani anasimama altareni na swali la nani anasikilizwa akisema kweli ni maswali mawili. Mitume walikuwa mitume, cheo chao hakikuondolewa, na walikemewa vile vile. Na mwaka 2021 Papa Fransisko alifungua huduma rasmi za usomaji na utumishi wa altare kwa wanawake pia, na mwaka huo huo akaanzisha huduma rasmi ya katekista, kwa wanaume na wanawake. Bibi zetu wengi wamefundisha katekisimu chini ya mwembe miaka na miaka kabla ya hati hiyo.

Kwa wiki hii, jumuiyani au peke yako, soma Lk 24:1-12 na Mk 16:9-14 kwa mfuatano huo, taratibu. Halafu jiulize swali moja ambalo mimi limenisumbua: ni habari gani niliambiwa na mama, dada, au mke wangu, nikaiita upuuzi bila kuinuka kwenda kuangalia? Na kama ni dada unayesoma: umewahi kuacha kusema kwa sababu ulijua watacheka? Magdalena alisema, wakacheka, na Bwana hakumtafuta mjumbe mwingine.

Nilikwenda stendi wiki iliyopita. Nilimkuta yule dada anamsaidia mama yake, amebeba mtoto mgongoni. Nikaagiza chai. Nikamwambia kwamba daftari bado ninalo, nikamweleza nilichoandika siku ile, nikamwomba msamaha. Alinyamaza muda, anapanga vikombe.

Akasema, "Kaka, mimi sikutaka mniamini. Nilitaka mmoja aje aulize. Dereva alikuwa amekaa hapo hapo ulipokaa wewe."

Nikamwuliza kama atarudi kwenye kundi. Akasema ataangalia, mtoto bado mdogo. Hakunidai hela ya chai, nikaiacha mezani.

Somo lijalo, Mungu akipenda, tutasoma Yn 11, Martha na ungamo lake la imani. Lilinganisheni na la Petro katika Mt 16:16 kabla hatujakutana.